Pikipiki ya Marehemu Baba



Kijana mmoja wa huku kwetu Makongolosi alinijia jioni moja, akaketi, akakaa kimya kitambo kabla ya kutoa shida yake. Baba yake alikuwa katekista. Alipofariki aliacha pikipiki, Honda CG 125 ya zamani, nayo imesimama katika banda la kuku huu mwaka wa tisa. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kupita mara mbili akiipima kwa macho. Mama yake anataka iuzwe. Yeye anataka kuifufua. Akaniuliza, “Mzee, yawezekana, au najidanganya tu?”

Nilimjibu kwamba yawezekana. Na kwa kuwa najua ya kuwa nyumba nyingi vijijini zina chombo cha namna hii kilichofunikwa gunia, nayaandika hapa niliyomwambia.

Yafaa kwanza uijue pikipiki yenyewe. Honda walianza kuiuza CG 125 mwaka 1976. Kabla ya kuitengeneza walituma mafundi wao katika nchi za Asia kutazama jinsi watu wa kawaida wanavyotumia pikipiki. Wakaona mambo tunayoyajua sisi sote: mizigo mikubwa, vumbi, na oili isiyobadilishwa mpaka igeuke lami. Basi wakaiacha injini ya zamani yenye mnyororo mwembamba ndani, wakafanya injini ambayo vali zake husukumwa kwa vijiti vya chuma, nao mnyororo wa nyuma wakaufunika wote usiingie vumbi. Injini nyingi za pikipiki za Kichina tunazoziona leo zimeigwa kwa hiyo. Ndiyo sababu spea za kuifufua hazikosekani madukani, lakini usinunue kwa kukisia: chukua kifaa cha zamani mkononi, ukipime na kipya palepale dukani.

Kabla ya kushika spana, tafuta kadi. Jambo hili vijana hulidharau. Kadi ikiwa ina jina la marehemu, hapana budi mirathi ifuatwe mahakamani, msimamizi apatikane, ndipo umiliki uhamishwe TRA. Soma namba ya chasisi na namba ya injini, uzilinganishe na kadi. Ukifanya kazi ya miezi minne kisha ndugu wa baba waje kusema chombo ni chao, utakuwa umetengeneza ugomvi.

Sasa kazi yenyewe. Usipige kiki! Najua mguu unawasha, lakini injini iliyolala miaka tisa huenda ringi zimeshika kutu ndani ya silinda, nawe utazivunja kwa pigo moja. Fungua plagi, mimina oili safi kidogo kwenye tundu lake, iache usiku kucha. Kesho yake ingiza gia ya juu, izungushe polepole kwa gurudumu la nyuma. Ikizunguka, mshukuru Mungu. Ikikataa, ongeza oili, ngoja tena.

Tanki ulimwage petroli yote ya zamani, mbali na jiko na sigara. Tia kokoto ndogo na mafuta ya taa, utikise mpaka mikono ichoke, umwage, urudie mpaka kutu isitoke tena. Likitoboka, usimpe mtu yeyote alichomelee hivi hivi. Mvuke wa petroli hukaa ndani hata tanki likiwa tupu, nao hulipuka. Kabureta ifungue juu ya kitambaa cheupe ili vidude vidogo visipotee. Matundu yake yapulize, au yasafishe kwa unywele mgumu wa brashi. Waya huyapanua, na toka siku hiyo pikipiki itakunywa mafuta kama mlevi. Nafasi ya vali ni milimita 0.08, hupimwa injini ikiwa baridi. Oili mpya haizidi sana lita moja. Kisha tazama betri kabla ya kununua taa: CG za kwanza zilitumia volti 6, za baadaye volti 12.

Tairi nazo hudanganya. Utaona meno yake bado marefu, ufurahi, kumbe mpira umekwisha kufa. Tafuta ubavuni tarakimu nne: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zilizopasukapasuka zing'oe, hata kama hazijalika. Na unapofungua breki za zamani usipulize vumbi lake kwa mdomo, kwa maana breki nyingi za siku zile zilikuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Hapo kijana alinikatiza. Hakuja hasa kwa habari ya tairi. Alitaka kuigeuza: kiti kirefu, keria kubwa ya chuma, ekzosi yenye mlio, rangi nyekundu. Alikwisha kupanga kubeba viroba vya mawe kutoka mashimoni mpaka karasha, kama wafanyavyo vijana wengi hapa. Tangu miaka ya 1930, Lupa hii ilipojaa wachimbaji wa dhahabu, kila chombo kilichofika huku kimebebeshwa kuliko nguvu zake.

Rangi sikumkataza. Ekzosi nilimkataza, wagonjwa na watoto wachanga wanalala. Nguvu ya kupanda mlima nikamwambia inapatikana bila kuikata pikipiki. Mathalani, ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 15 na la nyuma 38, weka la nyuma lenye meno 42. Itavuta zaidi, ingawa mwendo wake utapungua na mnyororo utataka kuongezwa urefu. Kwenye lami ya Chunya atapitwa na wenzake, lakini kwenye njia za mashimoni atawapita yeye.

Ila habari ya keria nilimsimulia jambo nisilopenda kulisimulia. Zamani nilikuwa na pikipiki yangu. Nilikata fremu nyuma, nikairefusha kwa bomba la kitanda cha zamani, nikaichomelea mwenyewe. Ilipendeza, na watu waliisifu. Nilijua kwamba sikuwa fundi wa kuchomelea, lakini sifa ni tamu. Mdogo wangu aliiazima kubeba viroba viwili, na kwenye mteremko wa kwenda Lupa Tingatinga fremu ilikatika palepale nilipounga. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Mpaka leo anachechemea, naye hajanilaumu hata siku moja, nami naona afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fremu usiikate. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyotengenezwa kiwandani, na mzigo usizidi uzito wa mtu mmoja aliyeshiba. Ukiona ufa shingoni, pale fremu inaposhika usukani, au kizibao cha injini kimepasuka, hapo mimi naungana na mama: muuzie mnunuzi wa chuma. Vioo virudishe, taa ya nyuma iwake, kofia ngumu ziwe mbili. Breki ya mbele isiondolewe. Wako wanaosema kwamba humwangusha mtu, kumbe ndiyo inayosimamisha zaidi kuliko ya nyuma.

Gharama usizikisie kichwani. Nunua daftari, andika kila plagi na kila nati. Kijana wetu amefanya hivyo, na kwa hesabu yake ataweza bila kuingia mkataba wa bodaboda wa kulipa kila siku, mradi afanye kazi polepole, kidogo kidogo kila auzapo alizeti.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama. Fremu ni nzima. Silinda inataka ringi mpya. Kuku wamehamishiwa jikoni, na mama yake ananung'unika kwa habari hiyo, lakini nilimkuta ameketi kwenye kigoda akisugua spoki za gurudumu la mbele kwa msasa na jivu. Amempa mwanawe muda mpaka mwisho wa mavuno. Kabureta bado inavuja.