Mfugaji hatafuti "mdondo", anatafuta kuku aliyepinda shingo

Mfugaji ambaye kuku wake wameanza kufa hachukui simu akaandika "udhibiti wa ugonjwa wa mdondo kwa ndege wafugwao". Anaandika anachokiona bandani: "kuku anapinda shingo", "kuku kuharisha kijani", "kuku wanakufa ghafla dawa yake nini". Maneno hayo ndiyo Google inayoyapokea, na jibu atakalopewa ni la yule aliyeyaandika kwenye ukurasa wake, awe daktari wa mifugo au mchuuzi wa dawa za uongo. Mara nyingi mno anakuwa mchuuzi. Sisi wataalamu ndio tuliomwachia nafasi hiyo, kwa kung'ang'ania lugha ya ripoti.

Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo mkoani Singida, mkoa ambao sifa ya kuku wake wa kienyeji imefika mbali, na tangu nistaafu naandika kurasa za ufugaji kwenye tovuti ndogo. Google inampa mwenye tovuti chombo cha bure kiitwacho Search Console, kinachomwonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wake ukajitokeza mbele yao. Kwa mtu wa ugani, orodha hiyo ni hazina. Humo wamo wafugaji wasiofika ofisini: anayeuliza usiku wa manane, anayeona haya kuuliza, anayekaa kijiji kisicho na afisa. Anauliza kwa nini vifaranga vyake vinahara damu. Anauliza kuku aliyejikunyata na kushusha mabawa apewe nini. Sijaona aliyeandika "koksidiosi", jina la kitaalamu la ugonjwa wenye dalili hizo, lakini ukifungua kijitabu cha ugani, hilo ndilo neno lililo juu ya ukurasa, na "kuhara damu" imejificha aya ya nne.

Hapo ndipo mtu anapopaswa kuelewa maneno yanavyoupandisha au kuushusha ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji. Msingi wake ni wa zamani kuliko tovuti zenyewe. Mwaka 1972, mtaalamu wa Uingereza Karen Spärck Jones alieleza kwamba uzito wa neno katika kutafuta hutegemea uhaba wake: neno lililomo katika kila andiko halisaidii kutofautisha andiko moja na jingine, bali lile lililomo katika machache ndilo linaloelekeza mahali penyewe. Mitambo ya utafutaji ya leo inapima mambo mengi zaidi, lakini wazo hilo lingali hai. Chukua "kuku". Limejaa kila mahali, kuanzia mapishi hadi bei za soko, kwa hiyo peke yake halikupeleki popote. "Kideri", jina jingine la mdondo, lina uzito mkubwa zaidi. "Kupinda shingo" karibu na "kuku" na "kuharisha kijani" linamfikisha mfugaji mlangoni kabisa. Ukurasa wenye maneno hayo kwenye kichwa chake, kwenye vichwa vidogo na katika aya ya kwanza, kwa sentensi za kawaida, unajieleza kwa mtambo na kwa msomaji kwa pamoja.

Kiswahili kina ugumu wake. Njia nyingi za awali za kutambua kwamba maneno mawili ni ndugu zilibuniwa kwa Kiingereza, ambacho hubadilisha zaidi mwisho wa neno. Sisi tunabadilisha mwanzo: amepinda, wanapinda, kupinda, iliyopinda. Mitambo imeendelea: mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo wa BERT, unaolitazama neno pamoja na yale yanayolizunguka. Hata hivyo, ushauri wangu kwa anayeandika kwa Kiswahili ni kuyatumia maumbo hayo jinsi yanavyokuja katika mazungumzo. Mwite kuku mmoja, kisha waite wengi. Andika "mdondo" na "kideri" pia, kwa kuwa yote mawili yanatumika na anayejua moja huenda hajawahi kusikia la pili.

Kuna biashara moja inanikera. Mwenye duka la pembejeo anatengenezewa tovuti, kisha fundi anamtoza hela ya ziada ili "amwekee maneno muhimu", yaani orodha inayofichwa ndani ya msimbo, pale ambapo msomaji haoni. Miaka ya 1990, enzi za AltaVista, orodha hiyo ilikuwa na faida. Walaghai wakaivamia, wakaijaza maneno yasiyohusiana na ukurasa, wengine wakaandika kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Mwaka 2009 Google ilitangaza bayana kwamba haiitumii orodha hiyo kupanga matokeo. Anayeiuza leo kama siri ya kupanda juu anachukua pesa ya bure. Vivyo hivyo kurudia "dawa ya kideri, dawa bora ya kideri, nunua dawa ya kideri" mstari baada ya mstari: kanuni za Google zinakataza, na ukurasa unaweza kushushwa au kuondolewa kabisa.

Lakini "dawa ya kideri" yenyewe ni neno linaloandikwa kweli, na linanifikirisha kuliko yote. Kideri ni ugonjwa wa virusi. Hauna dawa ya kuutibu. Je, mtaalamu alikwepe neno hilo kwa kuwa limebeba kosa? Wenzangu wengi wanasema ndiyo, eti kuliandika kwenye kichwa cha habari ni kuueneza upotofu. Sikubaliani nao hata kidogo. Tukilikwepa, anayebaki nalo ni muuza chupa za dawa za uongo, na ndiye atakayemkuta mfugaji akiwa na hofu na pesa mkononi. Kichwa kiandikwe "Dawa ya kideri: haipo, ila chanjo ipo", na sentensi ya kwanza imweleze kwamba kuku aliyekwisha kuugua chanjo haitamponya, awatenge wagonjwa, mizoga aichome au aifukie, asiuze wala kununua kuku wakati ugonjwa umepamba moto. Kisha aelezwe chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingi na inayotengenezwa hapa Tanzania: tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima.

Uaminifu huohuo unahitajika kwenye dalili. Kuharisha kijani kunaweza kuwa kideri, kunaweza pia kuwa homa ya matumbo ya kuku au kipindupindu cha kuku. Ukurasa unaotumia neno la mfugaji ili kumvuta unawajibika kumwambia hilo waziwazi, na kumwonyesha ni lini ampigie simu daktari. Kuvuta watu kwa neno na kuwanyima jibu lake ni ulaghai, hata kama aliyeandika ana shahada.

Taasisi za umma zina maarifa haya yote. Nimefungua vijitabu vizuri sana vya ufugaji vilivyopandishwa mtandaoni kama picha za karatasi, faili likiwa na jina la namba tupu, bila kichwa, bila aya hata moja ya utangulizi. Kazi ya miaka ya watafiti imekaa pale na mfugaji hawezi kuifikia. Kuitengeneza hakuhitaji bajeti mpya: faili lipewe jina linaloeleweka, maandishi yawekwe kwenye ukurasa, na kila kichwa kiandikwe kwa swali analouliza mfugaji.

Maafisa ugani mlioko kazini, anzeni na daftari. Kila mfugaji anapokuja, andikeni maneno yake jinsi alivyoyatamka kabla ya kuyageuza kuwa jina la ugonjwa, kisha wapeni wanaoandika tovuti za halmashauri na wizara. Maneno ya Masasi huenda yasiwe ya Nzega, na yote mawili yanahitajika.