Dada anataka bastola, jamaa wanabishania kaliba

Nilipotea kidogo, mitihani ya katikati ya muhula ilinibana kweli kweli. Leo siongelei mitihani wala chakula cha bweni. Naongelea bastola. Msishtuke, sijanunua.

Hapa Texas bastola si kitu cha kwenye sinema. Tangu tarehe 1 Agosti 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kuingia nayo chuo kikuu cha serikali, mradi ameificha. Tangu Septemba 2021, nje ya chuo, mtu mwenye miaka 21 na kuendelea asiye na zuio la kisheria anabeba hata bila leseni. Kwa hiyo yule anayekaa mbele yangu darasa la takwimu anaweza kuwa nayo kiunoni, na mimi nisijue. Wenyeji bwenini wakianza ubishi wa kaliba, ni Simba na Yanga kabisa. Huyu .45, yule 9mm, wanakesha.

Mimi nilikuwa nacheka tu. Mpaka mwezi uliopita, dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliponipigia simu. Yeye anabeba boksi Houston, analea wazee zamu ya jioni, anatoka saa tano usiku. Alikuwa anakwenda kwenye gari, kijana akamkwapua mkoba na kumsukuma chini. Hakuumia sana, lakini tangu siku hiyo hana usingizi. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Niambie ninunue ya ukubwa gani."

Msomi mwenyewe nasoma uhasibu! Lakini dada akikuuliza, unatafuta jibu. Nikasoma.

Kwa wasiojua, kaliba ni upana wa risasi. Ile ya 9mm inajieleza. Ya .45 ina karibu milimita 11 na nusu, nzito lakini inakwenda polepole zaidi. Ya .380 ina upana karibu sawa na 9mm, ila ganda lake ni fupi, baruti kidogo, nguvu kidogo. Wauzaji wengi humpa mwanamke hiyo .380 kwa sababu bastola zake ni ndogo, zinaingia mkobani.

Ubishi huu una historia. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili huko Miami. Jambazi mmoja alipigwa risasi ya 9mm mapema, ikapita mkononi, ikaingia kifuani, ikaishia kabla ya kufika moyoni. Akaendelea kupigana. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. FBI wakasema risasi ile haitoshi. Wakahamia 10mm, ikawa inarusha mikono ya maofisa wengi, kisha ikaja .40 mwaka 1990. Halafu mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikashauri warudi kwenye 9mm ile ile! Sababu yao ni kwamba risasi za siku hizi zenye tundu kichwani zimetengenezwa vizuri zaidi. Katika jelatini ya majaribio wanataka risasi iingie kati ya sentimita 30 na 46, na 9mm nzuri inafika humo kama wakubwa zake. Tena bastola inabeba risasi nyingi zaidi, na mpigaji analenga upesi kwa mara ya pili.

Basi Jumamosi moja tukaenda kwenye kiwanja cha shabaha wanakokodisha bastola. Mimi nilisimama nyuma ya kioo, kwa sababu sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya mwanafunzi kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Wanafunzi wenzangu wa kigeni, hili lisikieni vizuri. Ukishikishwa "kidogo tu upige picha", viza yako ndiyo iko rehani.

Dada ana ukaazi wa kudumu, yeye akapiga. Ile ndogo ya .380 ndiyo iliyomtesa kuliko zote. Nyepesi, mshiko mfupi, inaruka mkononi kama samaki, na risasi nyingi zikapita pembeni ya karatasi. Ya .45 aliiweza, ila baada ya kila mlio alifumba macho. Ya 9mm ya saizi ya kati, kati ya risasi kumi, nane ziliingia kwenye duara la ukubwa wa sahani ya chai, umbali wa mita saba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama mtu ameshaamua kubeba, achukue 9mm ambayo mkono wake unaijaza vizuri, anunue risasi za kutosha za mazoezi, na afunge mjadala. Risasi ya .45 iliyokosa haimzuii mtu. Asiyeweza kabisa mrusho wa 9mm, basi .380 anayolenga nayo vizuri ni bora kuliko kubwa anayoiogopa. Kwisha.

Lakini jamani, tulipokuwa tunarudi ndani ya gari nikamwuliza swali ambalo bwenini sijawahi kulisikia. "Dada, kazini kwenu mnaruhusiwa kuingia na bastola?" Akanyamaza. Hawaruhusiwi. Maana yake ile saa tano usiku, akitoka mlangoni kwenda kwenye gari, pale pale alipokwapuliwa, bastola itakuwa imefungiwa garini. Atakuwa na funguo tu mkononi. Hapo kaliba gani itamsaidia?

Na nyumbani ana mtoto wa miaka sita, mpekuzi, hakuna droo asiyoifungua. Kuta za fleti yao ni mbao na jasi, na 9mm, .40 na .45 zote zinapita humo mpaka kwa jirani. Tena mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki nchi hii, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Bastola ikiingia nyumbani inakaa na kila mtu aliyemo, hata siku ya huzuni.

Ndiyo maana nauchoka ubishi wa bwenini. Kaliba ni swali rahisi, lina namba, mtu anajiona mjuzi. Itakaa wapi usiku, nani ana ufunguo, utafyatua lini na lini utatoa mkoba uende zako, hayo hayana namba, na ndiyo yanayoua au kuokoa.

Nilimwambia dada asinunue. Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe unasoma vitabu. Mimi ndiye ninayetembea pale." Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina.

Tulipofikia ni hapa. Kwanza amenunua kasha la chuma la kufunga kwa namba, bado tupu. Amejiandikisha mafunzo ya leseni ingawa sheria haimlazimishi. Na yeye na wenzake watatu wa zamu sasa wanatoka pamoja, magari wanayaegesha chini ya taa, mmoja haondoki mpaka wote wamewasha injini. Hilo la mwisho halikugharimu hata senti, na ndilo pekee linalofanya kazi pale mlangoni.

Bastola ataamua baada ya mafunzo. Akiinunua, itakuwa 9mm. Naomba kwanza alale wiki moja vizuri ndipo aamue.

Mnasemaje wadau? Hasa kina dada mnaotoka kazini usiku, semeni. Sisi wa bweni tumeongea vya kutosha.