Tusiusingizie Ukame Kiu ya Juba



Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi. Nenda Juba ukaishuhudie methali hiyo. Nile Nyeupe, ambayo huko huitwa Bahr el Jebel, hupita kando ya mji huo masika na kiangazi. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakazi wengi wamenunua maji kutoka kwa malori ya matangi, ambayo mengi huyachota mtoni humo humo. Asiye na fedha hubeba ndoo hadi ukingoni na kuyanywa maji kama yalivyo. Kipindupindu kilitangazwa mjini humo Mei 2014, kikarudi mwaka 2015 na tena 2016. Je, hayo nayo ni matokeo ya ukame?

Sikatai kwamba ukame upo. Huko Kapoeta, Equatoria ya Mashariki, mvua zikikosekana mtama hunyauka, wafugaji huhamisha ng'ombe mbali, na ugomvi wa malisho na visima humwaga damu. Lakini mvua ni majaliwa. Bwawa, kisima kirefu na ghala la mbegu ni kazi ya serikali. Mkulima aliyeachiwa mawingu peke yake hakutupwa na mawingu.

Wapo watakaojibu kwamba nchi hii ni changa na maskini, nayo haikuiharibu hali ya hewa ya dunia. Ni kweli haikuiharibu. Lakini tangu uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, mafuta yameiletea serikali sehemu kubwa mno ya mapato yake. Fedha hizo zilikwenda wapi? Mradi wa kusafisha maji ya Juba, uliofadhiliwa na Japani, ulikatizwa na mapigano ya Desemba 2013, kisha na yale ya Julai 2016. Na njaa kuu iliyotangazwa Februari 2017 iliwakumba watu wa Leer na Mayendit, wilaya zinazopakana na vinamasi vya Sudd. Walioitwa wahanga wa njaa walikuwa kwanza wahanga wa bunduki: walikimbia mashamba, ng'ombe wao wakaporwa.

Usiseme kwamba hayo ni ya Juba pekee. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016; raia wake ni ndugu zetu, na kisingizio cha ukame husikika pia katika miji yetu.

Umoja wa Mataifa ulitambua Julai 2010 kwamba maji safi ni haki ya binadamu, na haki hudaiwa. Basi kiongozi wako atakapoutaja tena ukame, muulize bajeti ya maji ya mwaka huu ni kiasi gani, imetumika wapi, na bomba litafika lini mtaani kwako. Asipokuwa na jibu, mkumbuke siku ya kupiga kura.