Meza ya Msaada na Meza ya Kura

Mtu atokaye Chakama, au Baricho, au ndani kabisa ya Bamba, hasafiri kwa sababu ya kura. Husafiri kwa sababu ya mtoto anayeumwa, au karo, au kwa kuwa amepata habari kwamba mahindi ya msaada yamefika kwa chifu. Siku hiyo huamka alfajiri, hufunga kitambulisho chake katika ncha ya leso, hukaa kwenye foleni mpaka jua la utosi, na mwishowe husimama mbele ya karani wa serikali na kutia kidole gumba kwenye wino. Kisha hurudi kwake. Serikali imemwona mtu huyu, imelisoma jina lake na kuichukua alama ya kidole chake, lakini hakuna aliyemuuliza kama amesajiliwa kuwa mpiga kura.

Tahariri hii yahusu swali hilo lisiloulizwa, na sababu ya sisi kudai liulizwe.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo iliyo upande wetu. Kifungu cha 38 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kusajiliwa kuwa mpiga kura bila vikwazo visivyo vya busara. Kifungu cha 88 kinaikabidhi Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kazi ya kusajili raia mfululizo, wala si kwa misimu. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011, katika sehemu ya 5, inasema usajili uendelee wakati wote isipokuwa katika kipindi kifupi kabla ya uchaguzi. Lakini kifungu kilicho kizito kuliko vyote ni cha 83, ibara ndogo ya 3, ambacho wanasiasa wetu hawakitaji majukwaani: kwamba mipango ya kusajili wapiga kura na kuendesha uchaguzi ibuniwe kwa namna ya kumrahisishia raia anayestahili, wala isimnyime haki yake. Neno ni kurahisisha. Afisa anayeketi ofisini mlango wazi, akingoja mama wa Adu amfikie kwa nauli inayozidi ujira wake wa kutwa, hajamzuia mtu yeyote; lakini hajarahisisha chochote pia, na Katiba haikumwajiri ili asizuie tu.

Mazoea yetu yamekuwa kinyume cha hayo. Tume hulala, kisha hushtuka uchaguzi ukikaribia, ikatangaza zoezi la mwezi mmoja kwa vipaza sauti. Mnamo Oktoba na Novemba 2021 ilikusudia kusajili wapiga kura wapya milioni 6, ikapata takriban milioni 1.5. Magazeti yakaandika kwamba vijana wamechoka na siasa. Huenda wapo waliochoka. Lakini hukumu hiyo ilitolewa upesi mno, na haikutolewa na mtu aliyewahi kutembea kutoka Dida hadi barabara kuu. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Kilifi ilihesabiwa watu 1,453,787. Mwaka 2022 sajili ya wapiga kura wa kaunti hiyo ilikuwa na majina yapatayo 588,000. Kwa haki tuseme kwamba sehemu kubwa ya waliobaki nje ni watoto, maana Kilifi ni kaunti ya watoto. Hata hivyo, ukiwaondoa watoto wote bado unabaki na watu wazima wengi mno wanaohesabiwa katika njaa na kusahauliwa katika kura.

Yakaja mapungufu mengine yasiyotokana na uvivu wa mwananchi. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 Tume haikuwa na makamishna. Ndugu zetu wa Magarini wanajua gharama ya pengo hilo kuliko Wakenya wengine: Mahakama ya Juu ilipothibitisha mwezi Mei 2024 kwamba ushindi wa mbunge wao umebatilishwa, hapakuwa na mtu wa kuitisha uchaguzi mdogo, na eneo bunge zima likakaa bila mwakilishi hadi tarehe 27 Novemba 2025. Usajili wa mfululizo ulirejea Septemba 2025, katika ofisi za maeneo bunge na katika vituo vya Huduma.

Hapo kwenye vituo vya Huduma ndipo tunapotaka wasomaji wetu watue kidogo. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 2013 ili mwananchi apate kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na mengineyo chini ya paa moja. Kwa kuweka dawati la wapiga kura humo, Tume yenyewe imekiri jambo tunalolidai: kwamba mahali pafaapo pa kumsajili raia ni pale ambapo tayari amekwenda kutafuta huduma. Kanuni imekubaliwa. Kilichobaki ni kuifikisha kwa mtu ambaye hafiki kituo cha Huduma. Huyo hupatikana penye mahindi ya msaada, kliniki ya akina mama na watoto, ofisi ya basari, na siku ya kuandikisha na kuhakiki wazee wa miaka 70 na zaidi, walemavu na walezi wa yatima wanaopata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii. Serikali imeonyesha kwamba inaweza kwenda mlangoni kwa mtu ikitaka. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipoanza kazi Oktoba 2024, wahudumu wa afya vijijini walitumwa na simu mikononi kuandikisha watu nyumba kwa nyumba. Ikiwezekana kwa makato ya bima, tunauliza, kwa nini isiwezekane kwa kura?

Wazo hili si jipya duniani. Marekani ilipitisha mwaka 1993 sheria ya kitaifa ya usajili wa wapiga kura, iliyoanza kutumika katika majimbo mengi mwaka 1995. Watu huikumbuka kwa sababu ya leseni za udereva. Wachache hukumbuka sehemu yake ya 7, inayoziamuru ofisi za misaada ya umma kumpa kila mwombaji nafasi ya kujisajili. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba maskini hana gari, na kwamba kuweka fomu kwenye ofisi za leseni peke yake kungeongeza wapiga kura wa tabaka moja tu. Walijua pia hatari iliyomo, wakaandika waziwazi kwamba mtumishi wa ofisi haruhusiwi kumshawishi mwombaji kuhusu chama, wala kumfanya adhani kwamba kujisajili au kukataa kutaathiri msaada wake. Anayekataa huandika kwamba amekataa, na msaada wake hubaki palepale.

Yaliyofuata yana funzo kwetu. Katika miaka ya 1995 na 1996 maombi zaidi ya milioni 2.6 yalipitia ofisi hizo. Miaka kumi baadaye yalikuwa yameporomoka hadi takriban nusu milioni, kwa kuwa hakuna aliyesimamia: fomu ziliisha, makarani wapya hawakufunzwa, wakubwa wakatazama pembeni. Hesabu ilipanda tena katika majimbo kama Missouri na Ohio baada ya wananchi kwenda mahakamani. Kwa hiyo hatuwaambii wasomaji kwamba waraka mmoja kutoka Nairobi utatosha.

Sasa tulijibu pingamizi lililo zito, ambalo tumelisikia hata kutoka kwa marafiki zetu wa kweli katika harakati za mageuzi. Wanasema: mnataka kuunganisha gunia na kura? Mmesahau tulikotoka?

Hatujasahau. Mwandishi wa mistari hii alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwaka 1992, mwaka wa kwanza wa uchaguzi wa vyama vingi baada ya Kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991. Anakumbuka mzee mmoja wa ukoo wake aliyetumwa nyumbani kutoka kwenye foleni ya mahindi kwa sababu hakuwa na kadi ya chama. Mzee hakugomba. Alirudi, akaitafuta kadi chini ya godoro, akaenda tena, akakuta mahindi yamekwisha. Katika miaka hiyo chifu ndiye aliyekuwa serikali, ndiye mkono wa chama, ndiye mgawaji wa chakula, na sheria iliyompa nguvu hizo haikupunguzwa makali hadi mageuzi ya mwaka 1997. Mwenye njaa hana miiko, na waliotawala wakati ule waliijua methali hiyo vizuri kuliko Biblia waliyoapia.

Lakini tuangalie kwa makini chombo kilichotumika kumnyima mzee yule haki yake. Siri ndiyo iliyotumika. Hapakuwa na shahidi wala mtu wa pili mezani, wala karatasi ya kuonyesha nani alifika na nani alifukuzwa. Gunia na kura vimekuwa vikikutana sikuzote chini ya miembe yetu. Vilikutana mwaka 1992, na hata leo hukutana kila kampeni zinapoanza. Tunataka vikutane mchana, mbele ya watu, kwa kanuni iliyoandikwa. Meza ya usajili iwe mbali na meza ya chakula, na mtu aifikie akiwa ameshapokea haki yake na kuibeba begani, ili pasiwe na wa kumdanganya kwamba moja ni bei ya nyingine. Aketiye hapo awe afisa wa Tume, si chifu, si naibu wa chifu, si diwani. Swali liulizwe mara moja tu kwa kila mtu, na jibu la hapana lipokelewe bila maelezo. Mawakala wa vyama vyote waruhusiwe kutazama, na hakuna fulana ya mgombea kukaribia uwanja huo. Tena karani lazima amuulize mtu angependa kupigia kura kituo gani, asije mwanamke wa Garashi akajikuta amesajiliwa mjini Malindi kwa kuwa siku hiyo alimleta mtoto hospitalini.

Upo ugumu wa kiufundi, nao hatuufichi. Kule Marekani mfanyakazi wa ofisi ya misaada aliweza kujaza karatasi na kuituma kwa posta. Kwetu usajili ni wa alama za vidole na picha, unahitaji mtambo wa Tume na mtu aliyefunzwa. Haiwezekani basi kumpa muuguzi fomu na kumwambia ajaze. Jawabu ni ratiba: siku za kugawa chakula hujulikana mapema, siku za kliniki hujulikana, mikutano ya basari hutangazwa kanisani. Mtambo mmoja wa eneo bunge ukifuata ratiba hiyo utasajili watu wengi kuliko ukikaa mwezi mzima ofisini ukifutwa vumbi.

Ugumu wa pili ni kitambulisho. Anayepokea Inua Jamii anacho, la sivyo asingeandikishwa. Asiyekuwa nacho mara nyingi ni binti wa miaka 19 mwenye mtoto mgongoni. Mwaka 1992 vijana wapatao milioni moja, kwa makadirio ya wakati ule, walikosa kusajiliwa kwa kukosa vitambulisho, na kila uchaguzi tangu hapo umeacha nje kundi jipya. Wapemba wanaoishi pwani yetu waliishi vizazi kadhaa bila karatasi: hawakuweza kupata leseni ya uvuvi, hawakupata msaada, hawakupiga kura. Walipotambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023 milango hiyo mitatu ilifunguka kwa ufunguo mmoja. Kwa hiyo palipo na afisa wa Tume kliniki, awepo na afisa wa usajili wa watu.

Wapo watakaosema kwamba Mpwani hataki kura, kwamba maneno ya "Pwani si Kenya" bado yako mioyoni. Wenye msimamo huo tunawaheshimu kuliko wanavyodhani. Kususia ni uamuzi wa mtu huru. Mwanamke ambaye hakuulizwa hajasusia kitu.

Makanisa yana kazi hapa, na si ngeni kwao. Mwaka 1997 Baraza la Kitaifa la Makanisa, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia waliwapeleka waangalizi wapatao 28,000 vituoni. Waliolinda masanduku wanaweza pia kulinda meza ya usajili, pamoja na majirani wetu wa msikitini ambao foleni ya mahindi haijawahi kuwatenga na sisi. Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027.

Kwa sasa tunawaomba wana-kamati wa kila parokia na kila jumuiya, kuanzia Mtwapa hadi Fundi Issa, waandike siku na mahali ambapo msaada hugawiwa katika lokesheni yao, kisha wapeleke barua kwa ofisi ya Tume ya eneo bunge lao wakiomba mtambo ufike siku hizo, na wakiuliza umetumika wapi katika miezi mitatu iliyopita. Swali hilo la mwisho liandikwe kwa kutaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu katika muda usiozidi siku 21. Hakikisheni barua imepigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, mkae na nakala. Siku 21 zikipita bila jibu, tuleteeni nakala hiyo.