Kununua Kalipa

Katika karakana zetu za Sigalame, za Funyula na za mjini Busia umeingia ugonjwa usiotokana na uvivu wala uhaba wa chuma. Ni ugonjwa wa kununua vyombo vya kupimia kwa kupendezwa na sura yake. Fundi huingia dukani, akaonyeshwa kalipa tatu nne zilizolala katika visanduku, akachagua ile ing'aayo zaidi na yenye vistari vingi zaidi usoni, akalipa, akatoka. Hakuzifunga taya ili aone kama zakutana. Mtu huyo huyo akinunua chungu cha ndizi sokoni hukigeuza mara mbili kabla ya kutoa shilingi yake! Nasema kwamba desturi hii ni mbaya, na nataka vijana mnaojiandaa kwa ufundi muiache kabla hamjaizoea.

Kalipa niisemayo ni ile yenye uso wa duara kama saa. Ina uti wa chuma cha pua wenye alama za milimita, taya moja isiyosogea, na taya ya pili itelezayo juu ya uti. Katika uti imechongwa safu ya meno madogo sana, na nyuma ya uso wa saa limo gurudumu dogo la meno liendalo juu ya safu hiyo. Taya ikisogea, gurudumu huzunguka, na akrabu huzunguka nalo. Katika kalipa nyingi za namna hii mzunguko mmoja wa akrabu ni milimita 2, na kila kistari ni sehemu mbili za mia za milimita, yaani 0.02. Ndugu yake mkubwa ni kalipa ya vernier, iliyotokana na kipimo alichokitangaza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, nayo ndiyo mtaala wa 8-4-4 uliyoiweka katika fizikia ya Kidato cha Pili. Ile haina gurudumu wala akrabu. Msomaji hutafuta kwa jicho kistari kinacholingana na kistari. Yenye uso wa saa humpunguzia fundi taabu hiyo, na kwa mtu ashindaye penye mashine ya kukereza kutwa nzima, macho yakiwa yamechoka na mafuta yamo mikononi, msaada huo si haba. Sina ugomvi na chombo chenyewe. Ugomvi wangu ni na namna kinavyosifiwa na namna kinavyonunuliwa.

Wapo watakaonijibu kwamba Sigalame imo katika nchi ya Samia, na Samia ni nchi ya wahunzi tangu zamani, na wahunzi wale hawakuwa na kalipa. Neno hili ni kweli, tena ni la fahari. Milima ya Samia ina mawe ya chuma, na mababu waliyayeyusha katika tanuru, wakavuta mivukuto, wakafua majembe yaliyosifika hata yakanunuliwa na majirani zao Wajaluo. Lakini itazameni kazi yenyewe. Mhunzi alipofua jembe, mpini ulikuwapo hapo hapo. Ulipokuwa mnene ulichongwa, ulipokuwa mwembamba ulitiwa kabari. Vitu viwili vilipatanishwa mikononi mwa mtu mmoja. Beringi haipatanishwi hivyo. Ile yenye namba 6202, itumikayo katika pikipiki na mashine nyingi ndogo, yaweza kuundwa Ujapani, Uchina au Uhindi. Popote iundwapo tundu lake ni milimita 15 na kipenyo chake cha nje ni milimita 35. Aliyeiunda hatamwona fundi wa Sigalame, wala fundi wa Sigalame hatamwona yeye. Wamepatana kwa namba tu. Apimaye shafti kwa jicho ameuvunja mkataba huo, naye hawezi kujitetea kwa jina la babu yake.

Na kosa lake hulipwa na nani? Chukueni mfano wa kinu cha kusagia mahindi. Shafti yake huzunguka mara elfu mbili tatu kwa dakika moja, na nyundo zake hupasua punje ndani ya kasha la chuma. Shafti ikilika mahali inapokaa beringi, hupelekwa kwa fundi ijazwe kwa kuchomelewa, kisha ikerezwe upya. Kwa shafti ya milimita 40, kanuni mojawapo itumikayo sana yataka mahali hapo pazidi 40 kwa kiasi kisichopungua 0.002 wala kisichopita 0.018. Ikiwa nyembamba mno, pete ya ndani ya beringi huteleza juu ya shafti, huila, hupata moto. Kinu hutetemeka, na mwisho husimama. Ikiwa nene mno, fundi huipiga beringi kwa nyundo mpaka iingie, nayo huwa imeharibika kabla ya kuzunguka hata mara moja. Mtoto aliyetumwa na gorogoro mbili za mahindi, asimamaye karibu na mdomo wa kinu kinachotetemeka, hana habari za sehemu za mia wala za elfu. Amewaamini watu wazima.

Sasa zisomeni tena namba hizo, kisha mtazame uso wa kalipa. Kistari kimoja ni 0.02. Nafasi yote iliyoruhusiwa, toka 40.002 hadi 40.018, haijazi hata kistari kimoja! Tena waundaji wema wenyewe hukiri kwamba kalipa yao ya milimita 150 yaweza kukosea kwa sehemu mbili au tatu za mia. Basi muuzaji asemaye kwamba kalipa yake yatosha kwa kila kazi ya beringi anawadanganya, hata kama amejidanganya yeye kwanza. Kalipa ni ya kufikisha kazi karibu na kipimo, na ni ya kupimia urefu, kina, matundu na unene wa kawaida, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi za karakana. Mahali pa beringi humalizwa kwa maikromita. Sababu imo katika umbo la vyombo hivi viwili. Katika maikromita, kitu kipimwacho na skrubu ipimayo vimo katika mstari mmoja. Katika kalipa, kitu hukaa kati ya taya, kando ya uti wenye alama. Taya ikilegea kidogo huinama, na hesabu huinama nayo. Mjerumani Ernst Abbe alilieleza jambo hili mwaka 1890, na hakuna duka lililoweza kulitangua tangu hapo.

Hapa ndipo ninapowalaumu zaidi wale wanaosifu kalipa yenye vistari vya 0.01, ati kwa kuwa vistari vyake ni vidogo basi ukweli wake ni mkubwa. Kuchora vistari ni kazi ya wino. Kuyachonga meno yote ya uti yawe sawasawa, na kuziparuza taya zikutane bila mwanya, ndiyo kazi ya chuma, nayo ndiyo ya gharama. Chombo kibovu chaweza kuchorwa vistari vya namna yoyote. Hata jina kubwa lililoandikwa juu ya sanduku si dhamana, maana majina kama Mitutoyo ya Ujapani huigwa sana na watu wasiokuwa na haya.

Kijana ataniuliza, nichagueje basi? Nenda dukani na beringi mpya mfukoni. Kwanza zifunge taya, uinue kalipa mbele ya mwanga. Usione mwanga ukipita baina yake. Na jicho la binadamu lina ukali wa ajabu katika jambo hili, huona mwanya mwembamba kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Kisha fungua na kufunga mara kumi. Akrabu irudi kwenye sifuri ile ile mara kumi. Ikirudi mara nane pembeni kidogo na mara mbili mahali pake, chombo hicho kina tabia ya shahidi wa uongo, kiache. Isogeze taya toka mwanzo hadi mwisho wa uti, ukisikiliza kwa kidole gumba: isikwame, isiparuze, akrabu isiruke.

Baada ya hayo toa beringi. Kipenyo cha nje cha 6202 iliyoundwa vizuri hakizidi milimita 35, na kupungua kwake hakupiti sehemu moja ya mia na ushei kidogo. Hiki ni kipimo cha haki, tena chapatikana katika kila duka la vipuri mjini Busia na Malaba. Kipime kwa ncha za taya, kisha kipime karibu na uti. Hesabu zikitofautiana kwa zaidi ya kistari kimoja, taya imelegea au si sambamba. Upana wa beringi msiupime kwa jaribio hili, kwa sababu upana huruhusiwa kupungua hata 0.12, na mtamlaumu asiye na kosa. Beringi nazo zina bandia zake. Kwa hiyo ni heri kuazima mbili tatu za viwanda mbalimbali. Zikikubaliana zote, na kalipa peke yake ikapinga, tumejua mwongo ni nani.

Angalieni pia kama uso wa saa ni wa milimita au wa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili tangu mapatano ya mwaka 1959, na kistari cha sehemu moja ya elfu ya inchi ni 0.0254 ya milimita. Achanganyaye hivi viwili ataharibu chuma kingi. Mafundi wa mabomba bado husema nusu inchi, na bomba lao hilo la chuma lina kipenyo cha nje cha milimita 21 na zaidi. Kwao jina na kipimo viliachana zamani.

Kwa chumba cha shule, chombo kikipita mikononi mwa wanafunzi arobaini, mimi ningenunua vernier, na waalimu wenzangu wanaotaka saa kwa ajili ya kupendezesha kabati wanisamehe. Adui wa kalipa ya saa ni vumbi na chenga za chuma. Chenga moja ikiingia katika meno ya uti, gurudumu huruka jino, na tangu hapo akrabu husema uongo kwa utulivu kabisa. Penye jiwe la kunolea linalorusha vumbi, chombo hiki hufutwa kila saa na kurudishwa katika sanduku lake. Zile za betri zionyeshazo tarakimu ni nyepesi kusomwa, lakini nyingi zilizo rahisi humaliza betri hata zikiwa zimezimwa. Na msipime chuma kilichotoka sasa hivi kukerezwa. Shafti ya milimita 40 iliyozidi kalipa joto kwa digrii 40 hunenepa karibu sehemu mbili za mia. Ikipoa fundi hushangaa nani ameiiba.

Jambo moja hunikera kuliko yote. Mizani ya muuza sukari hukaguliwa kwa sheria, Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na akikutwa na jiwe pungufu hushtakiwa. Shirika la Viwango la Kenya lilianzishwa mwaka 1974, nalo lina maabara za kuhakiki vipimo vya urefu kwa viwanda vinavyopeleka vyombo vyao. Lakini kalipa ya fundi wa kando ya njia haimjui mkaguzi, wala mkaguzi haijui. Pungufu ya robo kilo ya sukari huonekana jioni ile ile. Pungufu ya shafti huonekana pikipiki ikiwa barabarani na abiria wawili. Kwa kuwa hapana atakayekuja kukagua, mnunuzi ndiye mkaguzi, na siku ya ukaguzi ni siku ya kununua.

Muuzaji akikataa kalipa yake isiguse beringi yako, ati utaichubua, usibishane naye. Irudishe beringi mfukoni, uvuke barabara, uingie duka la pili.