Rangi Ingoje Makinda

Kanisa linapopakwa rangi upya, mara nyingi kazi ya kwanza ni kubomoa viota vilivyo chini ya paa, kwa kuwa vinachafua ukuta. Naomba tusiwe na haraka.

Wengi huwaita mbayuwayu, lakini mara nyingi ndege hao ni teleka. Miguu yao ni mifupi mno: hawawezi kutua tawini, hung'ang'ania ukuta tu. Hudaka manyoya na nyasi hewani, kisha huzigandisha kwa mate yao kuwa kiota. Mwaka 2016 watafiti wa Lund, Sweden, walieleza kuwa baadhi ya teleka wa Ulaya, wanaokuja Afrika kila mwaka, hukaa angani miezi 10 bila kutua. Wanachotulia ni kuzaa na kulea.

Basi ndege huyu hatuombi kitu ila pembe ya ukuta, tena kwa ajili ya watoto wake. Papa Fransisko, katika Laudato si' (2015), alifundisha kuwa kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu. Kinyesi kitafagiliwa, kinda aliyeanguka harudi. Tusubiri makinda waruke, ndipo tupake rangi.