Mkono wa Kushoto Hauna Kosa

Katika miaka yangu ya ualimu nilisikia methali moja ikihalalisha kila fimbo: samaki mkunje angali mbichi. Mimi mwenyewe niliitumia. Leo, nikiwa mstaafu mwenye mvi, nasema wazi kwamba kuna mahali methali hiyo hutupoteza, nako ni pale tunapomlazimisha mtoto wa mashoto aandike kwa mkono wa kulia.

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la kwanza. Mvulana mmoja mchangamfu alishika penseli kwa mkono wa kushoto. Nilimpiga rula vidoleni mpaka akaihamisha. Herufi zake zikaharibika, naye akawa mkimya darasani. Wazazi wake walinishukuru.

Nilidhani mkono ndio wenye kosa. Lakini mkono hauamui kitu. Mtu anapotaka kuandika, amri hutoka katika tabaka la juu la ubongo. Hushuka hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, na hapo nyuzi nyingi za neva huvuka kwenda upande wa pili. Kisha huteremka katika ugwe mgongo, ile kamba laini iliyohifadhiwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Usawa wa shingo, amri hupokelewa na neva ziendazo mkononi, nazo huifanya misuli ikaze au ilegee. Ubongo mdogo, ulio kisogoni, hurekebisha mwendo ili kalamu isiyumbe. Basi mkono wa kushoto huongozwa na upande wa kulia wa ubongo.

Hayo si mapya. Mwaka 1870, huko Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na miguu ya upande wa pili wa mwili ikatikisika. Na nani kati yetu hajamwona jirani aliyepatwa na kiharusi, akapooza mkono na mguu wa kulia ambao haukuwa na jeraha lolote? Mara nyingi kilichoumia ni upande wa kushoto wa ubongo.

Takriban mtu mmoja kati ya kumi ni wa mashoto. Wengine watasema: mbona wapo waliobadilishwa na wanaandika vizuri? Kweli wapo. Lakini picha za ubongo za watu wa namna hiyo zimeonyesha kuwa, hata wanapoandika kwa mkono wa kulia, ubongo wao haufanyi kazi sawasawa na wa waliozaliwa wa kulia. Fimbo ilihamisha kalamu tu.

Wengine wataleta hoja ya adabu. Lugha yetu yenyewe inauita mkono huo wa kulia, yaani wa kulia chakula. Sibishani nao. Mtoto afundishwe kula na kupokea kwa mkono huo, kama wazee wake wanavyotaka. Lakini kalamu si tonge la ugali.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, fundi seremala mmoja alitutengenezea makabati. Alipiga randa kwa mkono wa kushoto, mbao zikang'aa. Alipoingia ofisini kutia sahihi ya malipo, aliokota kalamu kwa mkono huohuo, akanitazama, akaihamishia mkono wa kulia. Aliandika jina lake kwa herufi za kutetemeka, kama za darasa la kwanza. Ndipo nilipomtambua. Nikamwambia atumie mkono autakao.

"Huu wa kushoto haukupata nafasi ya kujifunza, mwalimu," alijibu kwa upole.

Nawaomba walimu: mtoto wa mashoto mketisheni kwenye ncha ya kushoto ya dawati, asigongane viwiko na mwenzake. Mwacheni alilaze daftari lake kona ya juu ya kushoto ikiwa imepanda, aone anachoandika. Haigharimu hata senti moja.

Wanachuo waliokuja baada ya siku ile niliwaambia hayo. Waliotangulia sikuwaambia. Kama mmoja wao anasoma ukurasa huu, naomba aiweke rula chini.